Barafu ya Jumapili

Kaka yangu Rigobert aligawa viatu vya barafu kwa zaidi ya miaka kumi na hakuvivaa hata siku moja. Watu walifika kwenye dirisha lake, wakamtajia namba ya mguu, naye akawapa viatu vyenye visu chini na kuweka vyao kwenye rafu. Jioni alivifuta visu vyote kwa kitambaa visishike kutu. Tukimuuliza kwa nini yeye hajaribu, alijibu, "Miye natoka Likasi. Kule kwetu barafu iko mu kopo tu."

Watu waliomjua kanisani walimjua kama shemasi mwenye funguo. Nataka wamjue pia kama baba wa Anaïs, kwa sababu mwaka wake wa mwisho hakuwa kitu kingine.

Alifika Bruxelles, Ubelgiji, kutoka Kongo mwaka 1999, mimi nikamfuata baadaye. Alipata kazi kwenye uwanja wa barafu, akamwoa Emmanuella, aliyekuwa akisafisha ofisi asubuhi na mapema, wakapanga chumba na sebule juu ya duka la nywele za bandia, nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles. Mungu akawapa mtoto mmoja. Mama akiwa kazini, mtoto alikaa nyuma ya dirisha la viatu pamoja na baba. Akiwa na miaka mitano alivaa viatu vilivyomzidi, baba akavijaza soksi, mtoto akaingia kwenye barafu akishika ukuta. Mwalimu mmoja wa kuteleza, Mflamandi, Madame Godelieve, mwanamke mrefu asiyecheka, akamwona. Wiki iliyofuata akamwambia Rigobert, "Huyu mtoto wako haogopi kuanguka. Nipe."

Kutoka pale dirishani, kaka yangu aliona kona moja tu ya uwanja. Anaïs alipopita kwenye kona hiyo alimwona, alipopita kwingine alimsikia. Alijifunza kusikia: kisu kinachotua vizuri hutoa sauti kama kitambaa kinachochanwa, kinachotua vibaya hugonga. Hivyo ndivyo alivyomlea, nusu kwa macho, nusu kwa masikio.

Mwaka 2010 figo zake ziliharibika. Tangu hapo alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Usiku wa kwanza hospitalini, madaktari walipodhani hataamka, aliweka nadhiri. Alimwambia Bwana: nikiishi, Jumapili zangu zote, na za nyumba yangu, ni zako. Akaishi. Mchungaji akampa funguo za ukumbi wetu, ulio chini ya jengo moja Matonge, mtaa wa Wakongo pale Bruxelles, na tangu siku hiyo hakuna Jumapili ambayo mlango ule ulifunguliwa na mkono mwingine. Alifika kabla ya watu wote, akawasha taa, akapanga viti, akapiga magoti kwenye kiti cha mwisho akiwa peke yake. Hata alipokuwa amevimba miguu alikwenda. Alikuwa akisema, "Deni ya muntu unaweza kuikimbia. Ya Mungu, utaikimbilia wapi?"

Masika ya 2014 mabomba yaliyo chini ya uwanja wa barafu yalipasuka. Barafu ikayeyuka, uwanja ukafungwa, na wafanyakazi wakatumwa nyumbani. Kwenye mlango walibandika karatasi: tutafungua Septemba.

Anaïs wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa anatafuta mruko mmoja. Ni mruko ambao mtelezaji huuanza akiangalia mbele, anazunguka hewani mara mbili na nusu, kisha anatua kwa mguu mmoja akirudi kinyumenyume. Wanauita aksel ya mara mbili, sisi tulisema aksel tu. Alikuwa ameanza kuukaribia barafu ilipoyeyuka. Madame Godelieve aliwakusanya watoto wake kwenye uwanja wa shule, akawaambia kwamba mwili husahau upesi kuliko kichwa. Asiye na barafu afanye kazi sakafuni: kuruka kamba, kupanda ngazi kwa mguu mmoja, kuzunguka juu ya kibao kidogo cha duara, na kuruka mruko wenyewe kwa viatu vya raba, kila siku, mpaka mlango ufunguliwe.

Mwezi ule ule daktari alituita, mimi na Emmanuella pamoja na Rigobert. Moyo wa Rigobert ulikuwa umechoka pamoja na figo. Daktari hakutaja siku wala sisi hatukuuliza. Rigobert mwenyewe ndiye aliyeongea, tukiwa kwenye ngazi tunashuka:

"Bon. Miye sitamuomba Mungu miaka. Nitamuomba kintu kimoja. Nione mutoto anatua ile aksel ku barafu. Mbele ya macho yangu, hapana kusikia. Kisha Mungu anikamate."

"Yaya, usiseme vile," nikamwambia, maana ndivyo kwetu tunavyomwita kaka mkubwa.

"Yolande, njo vile niko nasema."

Ghorofa yao ilikuwa ndogo na mwenye duka la chini alipiga dari kwa ufagio kila Anaïs aliporuka. Kwa hiyo Rigobert akamwomba mchungaji ukumbi wa kanisa siku za kazi, na mchungaji akakubali. Kila alasiri ambayo mashine haikumshika, kaka yangu alisukuma viti ukutani, akakunja zulia la mimbari na kulitandika katikati ya sakafu, maana vigae juu ya zege huvunja magoti. Kisha akakaa. Mtoto akaruka.

Shida ilikuwa Maman Berthe, kiongozi wa wamama waombaji, ambao pia walikuwa na saa zao pale ukumbini. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na mkoba wake, akamtazama Anaïs akizunguka juu ya kibao.

"Papa Rigobert, uyu mutoto anazunguka juu ya nini? Mu nyumba ya Mungu?"

"Ni mazoezi, Maman."

"Mazoezi! Kwetu Kolwezi muntu akizunguka vile, tunaita bantu ya kumuombea."

"Basi mumuombee atue muzuri."

"Na ile suruali? Inamukamata kama ngozi ya pili! Ata malaika watageuza uso."

Walibishana mpaka wakafikia mapatano: Anaïs ataruka, lakini atafunga kitenge juu ya suruali. Kitenge cha kwanza kilimwanguka hewani, kikatua upande mmoja na mtoto upande mwingine, na Maman Berthe, aliyekuja kukosoa, akacheka hadi akaegemea ukuta. "Kitenge kimetua muzuri kupita weye!" akasema. Baada ya hapo yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga, juu ya magoti, kwa fundo la wanawake wanaolima, ambalo halifunguki. Kisha akawa hasogei. Alikaa kando ya Rigobert na Biblia mapajani, na mtoto akiruka naye akanyanyuka kidogo kitini.

Mwezi wa Julai Anaïs alitua aksel sakafuni. Alitua, akabaki amesimama kwa mguu mmoja, mikono wazi, kama mwalimu alivyomfundisha. Maman Berthe akapiga vigelegele. Rigobert hakupiga makofi.

"Tena," akasema.

Akatua tena.

"Sasa umeiona, Papa," Anaïs akasema, anahema.

"Nimeiona na viatu ya raba. Raba inashika chini, barafu haishike. Tunangoja."

Mwishoni mwa Agosti karatasi ya mlangoni ilibadilishwa: Novemba. Niliisoma mimi, nikaenda kumwambia. Alikuwa kwenye mashine, rangi yake imekuwa ya majivu. Aliniuliza mara mbili kama nimesoma vizuri.

Siku chache baadaye Madame Godelieve alikuja mpaka nyumbani. Alikuwa hajawahi kupanda ngazi zile. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, akakataa chai, akasema amepata barafu kule mji wa Leuven. Saa moja kila wiki, watoto wanne tu, na Anaïs ni mmoja wao. Wazazi wanaweza kukaa pale pale kando ya uwanja. Emmanuella alikuwa ameshaanza kulia kwa furaha.

"Siku gani?" Rigobert akauliza.

"Jumapili, saa nne asubuhi. Hakuna saa nyingine."

Saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo kwaya inaingia.

"Asante, Madame," kaka yangu akasema. "Anaïs anaweza kwenda siku ingine yoyote. Dimanche, hapana."

Madame Godelieve hakuelewa. Alidhani ni shida ya gari, akasema atawachukua kwa gari lake. Alidhani ni fedha, akasema hakuna atakayelipa kitu. Mwisho aliinuka, akamshika Anaïs bega, akaondoka bila kuaga vizuri.

Anaïs alisubiri hatua zake ziishe kwenye ngazi.

"Papa, donc Mungu hawezi kufumba jicho dimanche moja? Moja tu?"

"Anaweza."

"Alors?"

"Ni miye njo siwezi. Nilimupa. Kintu umepana, unaenda kukirudisha tena mukononi yako?"

"Lakini ni weye njo unataka kuona! Si miye!"

Rigobert akainua kidole juu mbinguni. "Atafungula ule mulango," akasema. "Alinifungulia ya hospitali, ya barafu itamushinda?"

Watu wengine wameniuliza kwa nini sikumlazimisha. Nani angemlazimisha? Aliamini kwamba pumzi yake yote tangu ule usiku wa kwanza ilikuwa ya nadhiri ile, na kwamba siku atakayoivunja, pumzi itarudi ilikotoka. Nami pia niliamini hivyo. Mchungaji alikuja kumwambia kwamba Bwana si polisi, kwamba Jumapili moja yeye mwenyewe angefungua ukumbi. Rigobert alimshukuru, na Jumapili iliyofuata akafika kabla yake.

Basi kanisa zima likaombea uwanja wa barafu. Sijui kama kuna kanisa jingine duniani lililowahi kufanya hivyo. Wazee wa Kolwezi na Likasi ambao hawajawahi kuona mtu akiteleza walifunga na kusali kwa ajili ya mabomba. Maman Berthe aliwapeleka waombaji mpaka mlangoni kwenyewe, wakaweka mikono juu ya vioo, fundi mmoja akatoka kuuliza wanatafuta nini. "Tunafungula," akamjibu.

Anaïs aliendelea sakafuni. Sasa Rigobert hakuweza kukunja zulia, nililikunja mimi. Alikaa amejifunika koti, macho yamefumbwa, na kila mara mtoto alipotua alisema "vizuri" au "hapana" bila kufumbua. Sakafu ya vigae haina sauti ya kitambaa, lakini alikuwa ameijua nayo.

Alikufa Oktoba, siku ya Jumamosi jioni, funguo za ukumbi zikiwa kwenye kimeza kando ya kitanda cha hospitali. Kesho yake nilifungua mimi. Viti vilikuwa vimeshapangwa, alikuwa amemwomba Anaïs avipange Ijumaa.

Tulifanya kilio palepale. Wafanyakazi wenzake wa uwanja wa barafu walikuja, na Madame Godelieve akaja na koti jeusi, akakaa katikati ya wamama waliokuwa wakiimba kwa Kiswahili, mikono juu ya magoti. Alipotoka alimwambia Anaïs kwamba nafasi ya Leuven bado ipo. Emmanuella alimwambia mtoto aende, baba amepumzika sasa, nadhiri imekwisha naye. Anaïs akatikisa kichwa.

"Papa alingoja," akasema. "Na miye nitangoja."

Novemba ikawa Desemba. Mlango ulifunguliwa Januari, Jumamosi moja ya mvua, na tulikwenda wote: Emmanuella na mimi katika kitenge cha kilio, Maman Berthe na blanketi begani. Kwenye dirisha la viatu alikuwepo kijana mgeni. Alituuliza namba za miguu yetu.

Tulikaa kwenye kona ile ambayo Rigobert aliiona. Anaïs alikuwa amerefuka tangu masika, mguu na kiuno si vile vya zamani, na miezi yote ile ilikuwa ya raba. Alizunguka uwanja mara kadhaa taratibu. Kisha akaja akiangalia mbele, akaruka, akaanguka. Akaamka. Akaanguka tena, kwa ubavu, mpaka maji ya barafu yakamlowesha nguo nyeusi. Watoto wadogo walimpisha. Nilitamani ningeweza kumfunga kitenge.

Mwishoni, karibu na saa ya kufunga, aliruka, akatua, akabaki amesimama. Maman Berthe akasimama na blanketi lake, vigelegele vikajaa uwanja mzima.

"Ametua! Rigobert, ametua!"

Anaïs alikuja mpaka ukingoni, ameshika kiuno.

"Hapana, Maman. Mukono iligusa chini. Papa angekatala."

Alijaribu mpaka mashine ya kulainisha barafu ilipoingia. Aliendelea mpaka majira yaliyofuata, kisha magoti yakakataa. Madame Godelieve alisema ni zile ngazi na zile sakafu, mtoto alifanya kazi nyingi mno mahali pagumu. Sasa Anaïs anasomea kazi ya kutunza wagonjwa. Aksel hakuitua kwenye barafu hata mara moja, si mbele ya baba yake wala mbele yetu.

Funguo ninazo mimi. Sijaacha kusali na sitaacha, Bwana ndiye aliyempa Rigobert miaka minne ambayo daktari hakuitarajia. Lakini Jumapili, saa nne, kwaya inapoingia na watu wote wanasimama, naona uwanja ule wa Leuven ambao sijawahi kufika. Taa zinawaka, barafu ni nyeupe, kando yake kuna kiti cha mzazi. Watoto wanateleza, na kiti hakina mtu.