Vigelegele Nyuma ya Migomba

Mpaka leo, nikisikia vigelegele alfajiri, siulizi nani kajifungua. Kwanza nywele zinanisimama, halafu ndipo nakumbuka kutabasamu. Juzi vilipigwa kwa jirani yangu hapa Biharamulo mjini, mke wa mwenye duka kajifungua salama, na mimi nikabaki nimeinua birika mpaka chai ikafurika kikombe na kumwagika kwenye mkeka. Wanangu walinicheka. Ninyi nitawaeleza kwa nini.

Nilizaliwa Kirushya, kule Ngara, katikati ya migomba na maharage. Nilikuwa bado msichana mdogo wa shule ya msingi mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka wakikimbia mauaji ya kwao. Wakubwa hawakutueleza mengi. Tuliona tu kwamba samaki hawaliwi tena nyumbani, na kwamba hatutumwi mtoni tena; habari za maiti zilizopita humo nilikuja kuzisikia baadaye. Jioni moshi wa kambi ulilala bondeni, na asubuhi ulichanganyika na ukungu hata usijue kipi ni kipi. Ulinuka mikaratusi mibichi, na harufu ile ilikaa kwenye shuka, kwenye uji, kwenye nywele. Milima tuliyoijua ina miti ikawa mitupu.

Konsolata alikuja msimu wa kuvuna maharage. Mama yangu alikuwa na mimba kubwa na miguu iliyovimba, akatafuta mtu wa kumsaidia, na mkimbizi huyu akatokea kwenye ukungu akiwa na kitenge kimoja mwilini na kingine amekikunja mkononi. Baba akampa jiko letu la zamani, nyuma ya migomba, alale humo. Alikuwa mtu mzima, lakini tulimwita kwa jina lake tupu. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, na hakuna aliyethubutu kumwuliza habari za watoto.

Asubuhi yake ya kwanza kwetu, jua halijatoka, vigelegele vililipuka kule nyuma. Virefu, vya kupanda, impundu hasa kama tunavyoziita kwetu, zile za mtoto anapotua duniani. Mnajua vijiji vilivyo. Haikupita muda majirani wakajaa uani, huyu na mzigo wa kuni, yule na kibuyu cha pombe ya ndizi, akisahau kabisa kwamba baba yangu ni mzee wa kanisa. "Wa kike au wa kiume?" Mama akatoka mlangoni ameshika kiuno, tumbo likiwa palepale lilipokuwa jana. Hakuna aliyecheka. Wote walilitazama lile tumbo, kisha wakaitazama migomba.

Aliyesema ni Bibi Kezia, jirani yetu wa karibu, ambaye l na r zilimshinda tangu ujana wake. "Vigeregere bila mtoto! Hivyo anapigiwa mtoto wa upande wa pili, kwa wafu. Na huyu wa tumboni akivisikia, atajua ndiko anakoitwa."

Mama alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili, wachanga wote, mle mle kwenye migomba. Niliona mikono yake ikishuka pande zote za tumbo, kama mtu anayemziba mtoto masikio.

Baba akamwita Konsolata.

"Umempigia nani vigelegele?"

"Sijampigia mtu, mzee. Nilikuwa nafurahi."

"Unafurahia nini?"

Akafikiri kwa dhati kabisa. Akageuka kuutazama ukungu, na moshi, na ule mlima mtupu.

"Bado sijajua," akasema. "Ni asubuhi tu."

Mimi nikacheka, na Bibi Kezia akanitandika kofi la kisogo.

Kesho yake akavipiga tena, na kesho kutwa tena. Baba alimkataza, akaitikia "ndiyo, mzee," kisha akasogea mbali, chini bondeni, asitusumbue. Ikawa mbaya zaidi, maana sasa sauti ilipanda kutoka kwenye ukungu bila mtu. Mbwa wetu, aliyekuwa akibwekea hata kivuli chake, hakubweka. Aliingia chini ya ghala akabaki humo.

Siku moja nilimfuata. Nilijificha nyuma ya mgomba, miguu imelowa umande. Konsolata alisimama ameelekea mashariki, kile kitenge cha pili kakipakata mikononi, kimekunjwa kwa namna ambayo kila msichana anaijua. Uso wake haukuwa na kitu. Hakuwa analia wala kutabasamu. Alikuwa kama mtu anayengoja ndoo ijae. Kisha mdomo ukafunguka, ulimi ukacheza, na sauti ya arusi ikatoka kwenye uso ule kana kwamba ni ya mtu mwingine. Na kwa macho yangu, nawaambia, kile kitenge kilisogea. Mtasema ni upepo. Majani ya migomba hayakutikisika.

Nilikimbia nyumbani nikamweleza mama yote. Akaniuliza jambo moja tu: "Alikuwa analia?" Nikasema hapana. Baba naye akaamua kwamba Jumamosi, maharage yakishapigwa, Konsolata arudi kambini, kabla mtoto hajazaliwa. Majirani wakashusha pumzi.

Mtoto hakungoja Jumamosi. Mama alishikwa na uchungu Alhamisi, mchana kweupe. Nilikaa nje nimeegemea ukuta, masikio wazi, nikingoja vigelegele, safari hii vya kweli. Havikupigwa. Bibi Kezia alitoka na beseni, akapita mbele yangu bila kunitazama. Mtoto alikuwa wa kike. Alizaliwa kimya na akabaki kimya, na kabla ya jioni baba alikuwa amemlaza karibu na wenzake.

Ijumaa asubuhi tulingoja, nyumba nzima, na nadhani kijiji kizima. Baba aliketi mlangoni na panga lake la migomba magotini. Ukungu ukawa mweupe, jogoo wakanyamaza, jua likapanda nyuma ya moshi. Kimya. Nilikuwa nimeiogopa ile sauti, lakini kimya kile niliogopa zaidi. Ilikuwa kana kwamba siku imepiga hodi ikakuta nyumba haina watu.

"Afadhali leo kaona aibu," baba akasema.

Ndipo mama akaamka. Akashika ukuta, akashika mlango, akashika mgomba mmoja baada ya mwingine, mimi nyuma yake, na baba nyuma yangu akimsihi arudi kitandani. Tulimkuta Konsolata kwenye kizingiti cha jiko, kitenge kakijaza mdomoni, akikiuma.

"Mbona leo kimya?" mama akamwuliza.

"Nimekuogopa, mama."

"Wewe ni mama nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwuliza.

"Mama Desideri," akasema. "Amebaki njiani. Hiki kitenge ndicho nilichombebea."

Mama akajishusha taratibu, akaketi naye. "Sasa vigelegele ni vya nini?"

"Asubuhi niliyoamka bila yeye nilikasirika kwamba kumekucha. Halafu nikasema, hii nayo Mungu ndiye kaileta, na hapa hakuna mtu wa kuipokea ila mimi. Nikaipigia. Furaha sikuwa nayo hata tone, mama. Nilikuwa na ulimi tu."

"Na furaha inakuja?"

"Siku nyingine inakuja mchana, kwenye maharage, kidogo. Siku nyingine haiji. Nikinyamaza ndiyo haiji kabisa."

Mama akageukia mashariki. Kisha akafungua mdomo. Ndugu zangu, vile havikuwa vigelegele; alikwaruza kama mlango mkavu. Konsolata akamshika mkono akamwungia, na sauti mbili zikapanda pamoja juu ya vile vikaburi vitatu. Mimi nilisimama nikingoja kitu kitoke kwenye ukungu kuitikia. Hakikutoka. Huko nyuma nilimsikia baba akivuta kamasi.

Jumamosi Bibi Kezia alitoka mapema kushuhudia mkimbizi akiondoshwa. Aliona baba akipita na mzigo wa nyasi begani, kwenda kuezeka paa la jiko la zamani lililokuwa likivuja.

Mama Desideri alikaa nasi mpaka wakimbizi waliporudi kwao. Sikuizoea ile sauti kamwe, hata ilipokuwa ya mama yangu peke yake. Kanisani nilifundishwa kwamba furaha ni tunda, nikadhani huiva lenyewe likaanguka. Ilinibidi niwe mtu mzima, nizike wa kwangu, ndipo nielewe kwamba wale wanawake wawili walikuwa wakililima, kila kukicha, kwenye shamba lile lile lenye vikaburi.

Sasa nami hutoka uani kabla ya watu kuamka, nipige vyangu. Najua uso wangu nao unakuwa mtupu, maana wanangu hawapendi kuutazama wakati huo. Siku ya kwanza mke wa mwenye duka alichungulia juu ya ukuta, kashtuka, mkono kifuani.

"Kulikoni, mama? Mtoto wa nani? Mnafurahia nini?"

"Bado sijajua," nikamwambia. "Ni asubuhi tu."