Usaili wa Bandani

Nawasimulia ninyi tu, na mkicheka chekeni taratibu, maana hapa Lupembe mpaka leo nikipita karibu na banda la kupimia majani ya chai natembea nikiangalia chini.

Niliitwa kwenye usaili wa mtandaoni, wa ufadhili wa kwenda kusoma nje, na ningeweza kwenda Makambako nikalipia chumba chenye intaneti ya uhakika kama watu wenye akili, lakini nikasema safari yote hiyo ya nini wakati bandani mtandao unashika, karani wa hapo ni mimi mwenyewe, na leo si zamu ya lori la kubeba majani (kumbe lori lililokwama kwenye matope jana yake lingekuja siku hiyo, ujumbe nilitumiwa, sikuusoma).

Nikavaa koti la mjomba, simu nikaiegemeza kwenye mizani. Wasaili walikuwa watatu, mmoja wao mama Mtanzania mwenye miwani. Ndiye aliyeniuliza kuhusu kitalu cha miche ya chai, ambacho kwenye fomu niliandika nimekianzisha na nakiongoza (niliandika, jamani, nilijua nani atafuatilia?). Nikiwa katikati ya kujibu, nikasikia wakulima wanatua matenga ya majani nyuma yangu.

"Kamwene!"

Kwetu mkubwa akikusalimia humnyamazii, hata uwe unaongea na nani, basi nikageuka nikaitika, akaja wa pili nikaitika, mpaka wa sita, jasho linanitoka na baridi yote ile.

"Hao ndio wanakikundi wako wa kitalu?" yule mama akauliza kwa Kiswahili. "Hebu niwasalimie."

Nilitaka kuzima simu nisingizie mtandao, lakini Mama Tulizo, mwenye kitalu chake hasa, alikuwa ameshainama mbele ya kioo.

"Habari za kazi, mama?" msaili akamuuliza. "Kijana anawaongoza vizuri?"

"Huyu? Ana mwandiko mzuri sana! Ndiye anayetuandikia majina."

"Na kitalu alikianzisha nani?"

Wote wakamnyooshea kidole Mama Tulizo, naye akacheka kwa aibu. "Ni mimi na wenzangu hawa. Huyu alikuwa bado shuleni."

Yule msaili akaangalia karatasi yake, akaniangalia mimi, akaiangalia tena karatasi. Akasema asante, hawana swali jingine. Nilitamani ardhi ipasuke.

Simu ilipokatika wakanipigia makofi. "Umeona nilivyokusifia?" Mama Tulizo akaniambia. "Ukifika huko usitusahau." Hapo ndipo nilipoumia kuliko hata pale mbele ya simu.

Ufadhili niliukosa, na nilipomweleza Mama Tulizo sababu hakunigombeza, bora angenigombeza. Nimeapa sitaandika tena jambo ambalo siwezi kulisoma mbele ya wenyewe. Mwaka huu nimejaza fomu nyingine, na kabla ya kuituma nilikwenda kwake nikamsomea yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Mbona fupi hivyo?"

"Ndiyo yote niliyofanya, mama."