Kamba ya Mita Ishirini na Tano

Mwaka wangu wa kwanza wa umekanika nilikuwa na mdomo, Mungu anisamehe. Mlango ukikwama, naeleza wenzo. Toroli likipanda mlima, naeleza mteremko. Siku moja mama aliniuliza kama fizikia inaosha sahani pia.

Basi kisima chetu kikaanza kubomoka. Chini kulikuwa mchanga mtupu, na kila mvua kubwa iliangusha kipande cha ukuta. Fundi wa visima alisema tusipoteremsha pete nne za zege kabla ya masika kuanza, kisima kitajifukia chenyewe. Mama angerudi kubeba bidoni za maji kutoka bondeni, kama alivyofanya miaka yote kabla hatujachimba, na magoti yake siku hizo yalikuwa yanalia hata akipanda ngazi mbili za kanisa. Na fundi mwenyewe alikuwa amepata kazi Kakanda, anaondoka Jumatatu.

Pete moja ilikuwa na kilo mia tatu hivi. Baba alikuwa kazini kwenye bwawa la Mwadingusha, anakuja mwisho wa mwezi tu. Tulihitaji mikono, na mikono ilikuwa nyuma ya ukuta wa ua: jirani yetu mama mmoja, na kundi lake la maombi lililojaa uani kwake kila Jumapili. Lakini mama alikuwa hamsalimii tangu matanga ya bibi yangu. Siku tatu sisi tunalia huku, na kule kipaza sauti kinanguruma haleluya mpaka viti vinatetemeka. Mwaka mzima ulikuwa umepita. Wakikutana njiani, kila mmoja anatazama upande wake.

"Bale bantu, hata kidole sitabaomba," mama alisema.

Nikamwambia asijali. Mimi nipo! Niliazima puli mbili kwenye gereji, kila moja ina magurudumu mawili. Kamba ikipita kati yake mara nne, uzito unagawanyika kwa nne, kwa hiyo watu watatu wanatosha: mama, fundi na mimi. Hatumhitaji mtu. Nilichora yote kwenye daftari, na mama, ambaye hakuwa anaelewa mshale hata mmoja, alifurahi sana. Kisima kilikuwa na mita nane. Nilinunua kamba ya mita ishirini na tano nikajiona mtu wa akiba.

Jumapili baada ya misa tukasimamisha magogo matatu ya mikaratusi juu ya kisima, tukafunga puli. Fundi aliitazama kamba, akanitazama na mimi.

"Weye njo ulisoma," alisema, yaani mimi ndiye msomi, akakamata kamba.

Pete iliinuka. Nakwambia, iliinuka kama mtoto aliyebebwa! Mama alicheka kwa sauti. Tukaanza kuiteremsha, taratibu, naimba hesabu, na moyoni nimeshakuwa injinia. Halafu nikasikia kitu kigumu kinanigusa kiganja. Lilikuwa fundo la mwisho.

"Kamba inaisha!" fundi alipiga kelele. "Weye mwana, kamba inaisha!"

Pete ilikuwa inaning'inia, hata nusu ya kisima haijafika. Kwa kila mita moja inayoshuka, kamba ilikuwa imekula mita nne. Mwalimu alisema hivyo ubaoni, kwamba ukipunguza nguvu unaongeza njia, na mimi niliandika kwa wino mwekundu nikapiga na mstari chini. Nguvu nilikuwa nimeigawa kwa nne. Kamba nilikuwa nimepima kama ya ndoo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Tukaivuta juu tena, tunahema, tukailaza kwenye magogo mawili mdomoni mwa kisima. Duka la kamba limefungwa. Upande wa Kambove wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Uani mti pekee wa kufungia kamba ni mpapai, ambao hauwezi kushika hata mbuzi.

Nikakaa chini na daftari. Njia ilikuwa moja: kamba ipite mara mbili tu badala ya nne. Hapo itafika chini. Lakini mikononi uzito unakuwa mara mbili.

"Tunahitaji watu wengine watano," nilisema, bila kumtazama mama. "Nitaenda kuwaita miye."

 Mama akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Hapana. Miye njo niliacha kumusalimia. Miye njo nitaenda."

Tulimwona akizunguka ukuta. Maombi yalikuwa katikati, kipaza sauti kinanguruma. Kikakatika ghafla. Fundi na mimi tukatazamana. Nikadhani wameanza kutukanana. Halafu sauti ya jirani ikalipuka juu ya mtaa wote:

"Bandugu! Amen inaweza kungoja! Kwa mama wa hapa kisima iko na anguka! Kila muntu mwenye mikono, akuye!"

Walikuja kumi na zaidi, na nguo zao za kanisa. Jirani alivua viatu vyake vya kisigino, akashika kamba nyuma kabisa ya mama.  Pete ya kwanza ikashuka, ikakaa chini. Ya pili. Kwenye ya tatu mvua ikaanza, na hakuna aliyeachia. Ya nne ilipogusa, mama aligeuka, maji yanamtiririka usoni, na mimi najua hayakuwa ya mvua tu.

"Leo kelele yako iko na kazi," alisema.

"Siku ya matanga ilifaa niizime, mama," jirani alijibu. "Nilisikia haya kukatiza kundi, lakini ilifaa niizime. Munisamehe."

Mama alimshika mkono, mkono umeungua na kamba kama wake.

Sasa niko mwaka wa tatu, kisima kimesimama, maji yake matamu. Kamba napima mara mbili kabla ya kuinunua, na mwalimu anafikiri ni bidii. Kila Jumapili kipaza sauti bado kinanguruma, na mama bado analalamika: huyu mama atatuua masikio. Analalamika hivyo huku anajaza ndoo ya kwanza, halafu anaipeleka nyuma ya ukuta mwenyewe, magoti yakilia, kwa sababu wanaoimba wanapata kiu.