Sauti ya Ardella na Vinanda Viwili

Shemeji yangu Roscoe Tillery ni mtu wa kukera, na nitamsema ninavyotaka, kwa sababu alimwoa dada yangu na mimi ndiye niliyemkataza dada yangu asiolewe naye. Mwalike chakula cha saa nane. Haijafika saa nane yuko mlangoni, ananusa. Tangu ujana wake alifanya kazi kwenye mashine za kukandamiza bati katika kiwanda cha magari hapa Detroit, mpaka mgongo ulipogoma. Kule kiwandani mkono wako ukichelewa, bati linakupita na mstari mzima wa wafanyakazi unakutukania mama yako. Mambo hayo yalimwingia mwilini yasitoke tena.

Dada yangu Ardella, loo, huyo alikuwa mambo mengine. Kanisani wenzake wa kwaya wameshaanza ubeti, yeye ndiyo kwanza anavuta pumzi. Lakini akishaufungua mdomo alilikokota neno nyuma ya mdundo, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi na sahani zimemjaa mikononi. Ukishakata tamaa kwamba atafika, amefika. Mchungaji alikuwa anatikisa kichwa na kucheka peke yake. Mimi nilikuwa namwonea wivu, sifichi.

Hawa wawili walikuwa wakitengeneza muziki katika chumba cha chini ya nyumba yao, muziki wetu wa hapa, wa mashine. Roscoe alikuwa na sampla, kisanduku cha kijivu kinachomeza sauti yoyote utakayokiimbia, kisha kila ukibonyeza kitufe kinaitoa tena. Pembeni palikuwa na vinanda viwili vya umeme, kimoja chake, kingine cha rafiki yake Lucius Cade. Waya ulitoka kwenye sampla kwenda kwenye vinanda, na kupitia waya ule sampla ilivipigia mapigo, twende, twende, twende, navyo vikafuata bila mtu kuvigusa. Kazi yote ya Roscoe ilikuwa hiyo, kuhakikisha hakuna mashine inayoitangulia nyingine wala kubaki nyuma. Angeweza kukaa siku nzima anahangaika na kinanda kimoja kinachochelewa kiasi ambacho mimi na wewe tusingesikia.

Sauti ya Ardella ilikuwa ndani ya sampla, lakini yeye hakukubali ipigwe na mashine. "Kidole changu kiko wapi?" alikuwa anauliza. Vinanda vikishaanza, alisimama kando ya mumewe na nguo zake za jikoni, akakibonyeza kitufe cha sauti yake mwenyewe pale alipojisikia. Roscoe alikuwa anaguna, "Mama, umechelewa." Naye anamjibu, "Sijachelewa, wewe ndiye una haraka. Unakwenda wapi?"

Ardella alifariki majira ya baridi, dukani, amesimama kwenye foleni na maziwa mkononi. Moyo tu. Sitaki kulisimulia hilo.

Pasaka ilipofika tulikula kwa mama yetu, Bi Eulalie. Mama ni mzee sana, masikio yake bado mazima, magoti ndiyo yamekufa; hajawahi kushuka kile chumba cha chini hata siku moja. Tulipokuwa tunakata keki ya limau akamgeukia Roscoe. "Baba, kile kisanduku chako bado kina mwanangu?"

"Kina, Mama."

"Basi Julai, kwenye karamu ya ukoo, nipigie. Nataka nimsikie mara moja tu akiimba. Nikishamsikia sitakusumbua tena."

Roscoe akaitikia kwa kichwa. Mimi nililia mbele ya keki bila aibu.

Lazima mjue kwamba hapakuwa na sauti nyingine ya Ardella duniani. Kanda za kwaya zipo, ila humo amezama kati ya watu wote wale, huwezi kumchomoa. Za nyumbani zilikufa kiangazi kilichotangulia kifo chake, mvua ilipozidi na maji machafu ya mabomba yakajaa kile chumba cha chini mpaka kwenye rafu za chini, yakaozesha makasha yote ya kanda na diski. Ilipona diski moja iliyokuwa imebaki ndani ya sampla yenyewe, juu ya meza. Diski hiyo ilikuwa na wimbo mmoja, na katika wimbo huo, kabla hajaimba, Ardella anavuta pumzi, anacheka kidogo, anasema, "Ngoja bwana," ndipo anaimba mistari yake minne.

Roscoe akaanza kujiandaa mapema. Si ndiyo tabia yake? Tatizo likawa kidole cha Ardella, hakipo tena. Safari hii sauti ilitakiwa itoke yenyewe, ifuate mapigo pamoja na vinanda, na haikutaka. Ile pumzi na kicheko vilikula nafasi, neno likaja vinanda vimeshapita. Akaianzisha mapema, mstari wa kwanza ukakaa, wa pili ukabaki nyuma, wa tatu ukaangukia katikati ya mapigo, hauko huku wala kule.

"Ubonyeze wewe kwa mkono, kama yeye," nilimwambia siku moja nilipopeleka fulana za karamu, za zambarau, zenye uso wa Ardella kifuani.

"Nimejaribu, shemeji. Mkono wangu hauwezi kuchelewa vile. Nikichelewa mimi, nimechelewa tu."

Lucius alikuwepo, amekaa juu ya ndoo, anachezea waya. "Dada Vernita, hii kazi ina kanuni," akasema. "Kila kitu kinafuata mapigo. Ukiacha kimoja kinatangatanga, watu watasikia fujo."

"Fujo ni hicho kinanda chako kinacholia kama mbuzi aliyebanwa na mlango."

"Mbuzi wangu anafika kwa wakati lakini!"

Tukacheka, hata Roscoe. Nikaondoka nikijua mambo yatakwenda vizuri.

Niliporudi wiki ya karamu, nimebeba sufuria ya mboga za majani ili niigandishe kwenye friji yao kubwa, nilimkuta Roscoe peke yake, ana uso wa furaha ambao nilikuwa sijauona tangu mazishi. "Kaa hapo, shemeji. Kaa, usiseme kitu." Akabonyeza. Vinanda vikaanza, na sauti ikaingia palepale, juu ya pigo, safi. Mstari wa pili palepale. Wa tatu, wa nne, palepale. Nikasubiri.

"Pumzi yake iko wapi?" nikauliza.

"Nimekata. Ilikuwa inasukuma neno mbele."

"Na 'ngoja bwana'?"

"Vernita, sikiliza. Nimemkata neno kwa neno, nikaliweka kila neno juu ya pigo lake. Pale palipokuwa pafupi nimevuta, palipokuwa parefu nimebana. Hakuna kinachochelewa tena. Umesikia ilivyokaa?"

"Nimesikia. Sasa niwekee ile ya kwanza."

Akanitazama kana kwamba nimeongea lugha asiyoijua.

"Ile ya kwanza, Roscoe. Yeye mwenyewe."

"Kisanduku hiki kina tumbo dogo," akasema polepole. "Vipande vilikuwa vingi, vikajaa. Nikaifuta ile nzima ili vipande vienee."

"Kwenye diski lakini ipo."

Hapo ndipo nilipomwona anaelewa. Watu hawa wa mashine wana desturi yao: wimbo ukishanyooka, unauhifadhi juu ya ule wa zamani, kwa jina lilelile, diski ileile. Wanaogopa kufika mbele ya watu wakapakia mbovu kwa makosa, na kwao hiyo ni aibu ya kuhamia mji mwingine. Mashine inauliza kama ufute wa zamani. Kidole kinajibu ndiyo kabla kichwa hakijasoma swali.

"Roscoe, umefanya nini?"

"Nimeinyoosha," akasema. "Nimeinyoosha tu, shemeji."

Haki ya Mungu nilimtukana. Nilimwita mjinga, nilimwita muuaji, nikamwambia amemzika dada yangu mara ya pili kwa mkono wake mwenyewe. Aliitoa diski, akaitazama pande zote mbili, akairudisha, akaisoma tena. Jina la wimbo lilikuwepo lilelile. Akavizima vinanda ili tusikie sauti peke yake, na hapo ikawa mbaya zaidi, kwa sababu ilikuwa sauti ya mwanamke fulani anayetaja maneno kwa usahihi, na kila neno lililovutwa lilikuwa na mlio wa bati kwa ndani. Nikamwomba azime.

Alimpigia Lucius. Lucius akaja, akafungua menyu zote, akajaribu kila diski aliyokuwa nayo, akatoka nje kuvuta sigara. Aliporudi akasema, "Kilichofutwa humu kimefutwa." Kisha akamshika Roscoe bega, na Roscoe akaliondoa bega lake.

Kila jioni baada ya hapo nilipita kumwona, maana hasira zangu hazidumu na nilimwogopea. Nilimkuta amesimama mbele ya vitufe, anajaribu kuvipiga vile vipande kwa mkono, neno moja moja, ili amrudishie Ardella ule uchelewaji wake. Alikuwa ananiuliza, "Hivi? Au hivi?" Na mimi, niliyemsikia dada yangu tangu tulipokuwa tukilala kitanda kimoja, nilikuwa nasema, "Zaidi kidogo. Hapana, siyo hapo. Sijui, shemeji. Sijui tena." Kadiri alivyojaribu ndivyo na mimi nilivyozidi kumsahau. Ikabidi nimwambie aache, kwa faida yangu mimi.

"Tumwambie Mama?" akauliza.

Nilipaswa kusema ndiyo. Lakini niliwaza magoti yake, na zile wiki zote anazohesabu, nikasema pengine hatagundua, ni sauti ya mwanawe hata hivyo, imetoka kooni mwake. Roscoe alikubali upesi mno.

Jumamosi ya karamu kisiwani Belle Isle jua lilikuwa kali, upepo wa mtoni mzuri, mbavu zimeiva, watoto wanamwagiana maji. Ukoo mzima umevaa zambarau, Ardella anatabasamu kila upande unaogeuka. Mama tulimweka kwenye kiti mbele kabisa ya spika. Alikuwa amevaa fulana juu ya gauni lake la Jumapili, na kofia.

Lucius akawasha jenereta. Roscoe hakumtazama mtu. Akabonyeza, na vyote vitatu vikaondoka pamoja, sampla na vinanda, hakuna aliyemsubiri mwenzake. Sauti ikaingia. Watu wakapiga kelele, "Ardella! Ee, imba Ardella!" wakajipanga mistari wakacheza, shangazi zangu wakanyanyua vitambaa. Mama alikuwa anagonga kiatu chake majanini, anatabasamu. Moyo wangu ukatua kidogo. Nikasema, basi, tumepona.

Wimbo ulipokwisha Mama alipiga makofi. Roscoe akaja akachuchumaa mbele yake, jasho linamtiririka. "Umesikia, Mama?"

"Nimesikia, baba. Anaimba vizuri huyo binti. Mtoto wa nani?"

Roscoe akaushika mguu wa kiti cha Mama.

"Mshukuru kwa niaba yangu," Mama akaendelea, akimpigapiga mkono. "Sasa niwekee Ardella. Yeye ndiye niliyemjia."

Nilitaka kuingilia, nimwambie uongo wowote, lakini Roscoe alikwishainuka. Alirudi kwenye meza, akachomoa waya unaokwenda kwenye vinanda, akaipiga sauti peke yake. Mistari minne, mikavu, katikati ya uwanja. Waliokuwa wanacheza wakasimama wasijue wacheze au wasali. Mama aliinamisha kofia, akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akapunga mkono.

"Si huyo, baba. Huyo nimeshamsikia."

Roscoe alibaki nyuma ya meza, mikono imening'inia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na pa kuwahi. Watu wakaanza kukunja viti, kufunika masufuria, kuita watoto. Shangazi mmoja akaniuliza kuna nini, nikamwambia ni jua. Lucius akasogea azime jenereta, Roscoe akamzuia kwa jicho, nayo ikaendelea kunguruma bila kazi.

Nilimwendea Mama, nikamshika chini ya kwapa. "Mama, twende. Gari liko karibu."

Akaniondoa mkono.

"Twende wapi na mwanangu hajaimba?" Akavuta mkoba wake, akauweka juu ya magoti, akaikabili tena spika. "Tusubiri kidogo."