Gauni la Maadui

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hakuwa mtu wa kuweka kinyongo moyoni. Alikishona kwenye gauni.

Gauni lenyewe lilikuwa la buluu, la pamba nzito, lenye mikono mirefu na mifuko miwili mikubwa mbele. Alilinunua akiwa msichana, alipopata kazi ya kushona mashuka yaliyochanika katika chumba cha kufulia cha hospitali, na hakupata kupenda nguo nyingine namna ile. Lilipoanza kuchakaa hakulitupa. Alilitia viraka kwa mkono, kimoja baada ya kingine, na kila kiraka alikikata kwenye kitambaa cha mtu aliyemkosea.

Wa kwanza alikuwa msimamizi wake pale kazini, mwanamke aliyemsingizia wizi wa foronya. Siku aliyofukuzwa, Shangazi alikuta aproni ya yule mwanamke imetundikwa nyuma ya mlango. Akakata pindo lake, akalitia mfukoni, akaenda zake. Kile kitambaa cheupe alikipa umbo la jani, akakibandika kwenye kiwiko cha kulia.

"Kiwiko ndicho kinachosugua meza," alinieleza. "Nikila namsugua. Nikimenya viazi namsugua. Hajapumzika tangu siku ile."

Wa pili alikuwa mumewe, aliyemwacha kwa maneno machache akiwa amesimama mlangoni, koti mkononi. Shangazi alibaki na kipande cha bitana ya koti lile, hariri ya kahawia, na huyo alimshona makalioni. Kila alipoketi, aliketi taratibu, kwa raha zake, kama mtu anayejishusha kwenye maji ya uvuguvugu. Mwenye nyumba aliyemtolea vyombo nje mvua ikinyesha alikuwa chini kabisa kwenye pindo, pazia la maua likiburuzwa vumbini. Jirani aliyemzushia maneno alikuwa kwapani.

Kifuani hapakuwa na mtu. Kifua cha gauni kilikuwa kimebaki buluu tupu, iliyopauka kama mbingu ya mchana.

Usidhani kazi ile ilikuwa ya ovyo. Kila kitambaa alikiloweka na kukianika kwanza, kisije kikajikunja baada ya kushonwa. Kingo alizikunja kwa ukucha wa dole gumba, uzi akaupitisha kwenye mshumaa ili usijifunge mafundo, na mishono yake ilikuwa midogo kama chembe za chumvi. Ukikipapasa kiraka chake macho umefumba, hujui kinaanzia wapi.

"Adui ukimshona vibaya anachomoka," alisema. "Mimi nataka akae."

Alikuja kwetu kukaa wiki mbili. Wakati huo mimi nilikuwa natambaa. Sasa nauza dawa kwenye duka la dawa, nimefunga ndoa, na Shangazi bado hajamaliza wiki zake mbili.

Yeye na mama yangu hawakuelewana hata siku moja. Waligombea beseni, waligombea kamba ya nguo, waligombea nani ameacha bomba likidondoka. Jiko lilikuwa moja na wao walikuwa wawili, basi ikawa vita.

"Wifi, mchuzi huu umeupika, au umehadithiwa tu?" Shangazi aliuliza, kijiko kikiwa hewani.

"Nimeupikia watu wenye meno, wifi. Wewe subiri uji."

Baba alikuwa na dawa yake. Maneno yakianza, aliongeza sauti ya redio. Yakizidi, alikwenda kukagua gari ambalo lilikuwa halijawaka kwa miaka mingi, akainama kwenye injini mpaka kutulie.

Lakini pamoja na vita vyote hivyo, mama hakuwa na kiraka kwenye gauni. Jambo hilo lilimkera kuliko matusi. Gauni likianikwa, nilimwona akilizunguka pale kambani, akiinua mkono huu, akigeuza pindo lile, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Siku moja uzalendo ukamshinda.

"Wifi, mbona mimi simo?"

"Humo wapi?"

"Kwenye gauni. Jirani wa kwapani alikusema mara moja tu. Mimi nakusema kila siku ya Mungu."

Shangazi alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Wewe? Wewe ni kelele tu. Hujanifanyia lolote la maana."

Mama alinuna wiki nzima. Angetukaniwa wazazi wake asingenuna vile.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sote tulilijua. Shangazi alishasema, na si mara moja, kwamba siku gauni lile litakapoharibiwa chini ya bati la nyumba yetu, hatamtazama mtu usoni. Atafunga mzigo aondoke. Baba akimkumbusha mama maneno hayo ili awe mwangalifu, mama alijibu, "Hiyo ni ahadi au tishio? Nijue mapema, nijiandae kushangilia."

Ikafika siku wazazi wa mchumba wangu walipokuja kunijua. Mama alikuwa amepiga deki mpaka sakafu ikawa inateleza. Kitu kimoja tu kilimnyima raha: alijua Shangazi atatokea sebuleni amevaa maadui zake wote. Basi asubuhi, Shangazi alipokuwa bafuni, mama alilichomoa gauni kwenye msumari wake, akalikunja, akalisukumiza stoo, juu ya betri kuukuu ya lile gari la baba. Akafunga mlango, akajifuta mikono.

Wageni wakaketi. Soda zikafunguliwa. Mama akawa anacheka kicheko chake cha wageni, kile chembamba, ndipo mlango wa chumbani ukafunguka. Shangazi alitoka amejifunga shuka la kitandani kuanzia kwapani mpaka chini, mabega nje, kichwa juu.

"Karibuni, wakwe zetu," alisema. "Mtanisamehe, gauni langu limeibiwa humu humu ndani. Mwizi ndiye huyo anayewamiminia soda. Kunyweni tu, haina sumu. Nadhani."

Baba mkwe wangu mtarajiwa alipaliwa. Mama mkwe alitazama glasi yake. Mimi nilitazama sakafu, nikatamani ile deki ya mama initelezeshe mpaka nje.

Wageni walipoondoka, mama na Shangazi walirushiana maneno.

"Umeniaibisha mbele ya wakwe wa mwanangu!"

"Nimekuaibisha mimi? Ningetoka uchi ndiyo ungeridhika? Gauni liko wapi?"

Mama alikwenda stoo mwenyewe, akarudi nalo, akamtupia. Lilikuwa zima, ila kifuani palikuwa na unyevu mpana kama kiganja, na harufu kali ya kuchoma pua. Shangazi alilinusa. Alikwenda bombani, akalijaza maji beseni, akalitumbukiza. Sisi sote tulimfuata, hata baba, bila kujua tunafuata nini.

Alilikamua mara moja tu. Kitambaa cha kifuani kiliachia bila sauti, kama mkate uliolowa chai. Alipolinyanyua, mbele palikuwa na tundu, na kupitia tundu lile tulimwona yeye na shuka lake.

"Maji ya betri," baba alisema polepole. "Ile betri inavuja, mke wangu. Nilikwambia inavuja."

Nilingoja Shangazi apige kelele. Nilizitaka kelele zake. Badala yake alilianika gauni kwenye kamba, akabana vibanio viwili mabegani, akaingia chumbani kwake. Tulisikia zipu ya begi.

Baba aliwasha redio, akaizima. Mama alisimama katikati ya jiko, ameshika mwiko ambao hakuwa na chungu cha kuutia. Ushindi alioutamani miaka yote ulikuwa unakunja nguo zake nyuma ya ukuta ule, na nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia bomba likidondoka. Hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa bomba.

"Si ulitaka aondoke?" nilimuuliza.

"Nyamaza wewe." Alimtazama baba, aliyekuwa amekaa akichezea kitufe cha redio. "Akiondoka huyu nitagombana na nani? Na huyu hapa?"

Baba alikigeuza kitufe upande wa pili.

Mama alikwenda kwenye sanduku lake, akatoa kitambaa kipya cha buluu kilichokuwa bado na karatasi ya dukani, akaingia chumbani kwa Shangazi bila kubisha. Nilisimama mlangoni. Begi lilikuwa kitandani, limejaa nusu.

"Chukua," mama alisema. "Sitaki uende huko ukawatangazie watu kwamba nimekufukuza."

Shangazi alikishika kile kitambaa kwa vidole viwili. "Kipya hiki. Kina nguvu. Nikikishona juu ya pamba iliyochoka, kitaivuta, na kufua kwa kwanza tu kitanichana tena pembeni. Hata kuomba msamaha hujui."

"Nani ameomba msamaha?"

"Nguo iliyochoka hutiwa kiraka kilichochoka. Na kipande cha adui siweki kifuani. Kwa hiyo sina la kushona. Nipishe nifunge mzigo."

Mama alitoka. Nilidhani amekubali yaishe. Kumbe alirudi kwenye sanduku, akachimba mpaka chini kabisa, akaja na blauzi yake ya njano. Ile blauzi haikumwingia tangu mimi nizaliwe, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Picha pekee ambamo mama anacheka kwa kweli, kicheko kisicho cha wageni, ameivaa hiyo. Ilikuwa imefuliwa mpaka imekuwa laini kama sikio. Mama aliiweka kitandani, akatia mkasi mgongoni, akakata. Sauti ya mkasi ilikuwa ndefu.

"Hiki kimechoka," alisema. "Sasa kasoro nini?"

Shangazi alikichukua kile kipande, akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akakivuta huku na huku kupima nyuzi. Alikaa taratibu kitandani, juu ya shuka, bila mumewe chini yake.

"Kasoro ni kwamba mimi sishoni," alisema. "Aliyetoboa ndiye anayeziba."

"Mimi sijui kushona, wifi. Unajua sijui."

"Najua. Kalete sindano."

Basi wakakaa kwenye ukumbi wa nyuma, penye mwanga, gauni lililokwisha kauka likiwa magotini mwa mama na Shangazi amemwinamia begani kama mwalimu wa hesabu. Kwanza alimfanya akate kingo zote zilizoliwa, mpaka kwenye pamba nzima, na tundu likawa kubwa zaidi; mama akatoka jasho. Kisha akamfanya akunje kingo za kile kipande kwa ukucha.

"Hivyo ndivyo unavyokunja? Unakunja nguo au unafunga karanga?"

"Ukisema tena nakuchoma na hii sindano."

"Utanikosa. Hata kitambaa kilicholala unakikosa."

Mama alijichoma. Akasonya, akanyonya kidole, akaendelea. Mishono yake ilikuwa mirefu na kila mmoja ulielekea kwake, kama watu wanaotoka mkutanoni. Shangazi alimtukana kwa kila mshono. Alimtukania vidole, macho, na siku ambayo mdogo wake alimleta nyumbani. Mama naye alirudisha, uzi mdomoni, maneno yakitokea pembeni. Baba alikuja hadi mlangoni, akasikiliza, akarudi ndani, na safari hii redio aliiwasha kwa sauti ya chini.

Uzi wa mwisho Shangazi aliukata kwa meno yake mwenyewe. Alilivaa gauni pale pale. Kifuani, upande wa kushoto kidogo, kiraka cha njano kilikaa upogo, kona moja juu, nyingine chini.

"Usijivimbishe kichwa," alimwambia mama. "Umekaa kifuani kwa sababu ndipo ulipotoboa. Ungetoboa kisigino ungekaa kisiginoni."

"Nani anajivimbisha? Mgongo unaniuma, na blauzi yangu umeimaliza."

"Hata hivyo ilikuwa haikuingii."

Shangazi aliingia chumbani, akarudisha nguo zake kwenye kabati, kisha akatoka kwenda bombani. Alikuta beseni lina vitambaa vya jikoni alivyoloweka mama. Akavimwaga chini.

Siku ya harusi yangu alivaa gauni hilo hilo. Mama mkwe alimsogelea, akakitazama kile kiraka kwa muda, akawa anatafuta neno la heshima. Jioni, watu walipopungua, mimi nilimwambia wazi.

"Shangazi, kimepinda."

"Nakiona."

"Wewe fundi, dakika chache tu. Si ukifumue ukishone upya?"

"Nikifumue cha nini? Aliyekishona amepinda mwenyewe, na kiraka chake kipinde."

"Nimekusikia!" mama alipiga kelele kutoka jikoni, masufuria yakigongana.

"Vizuri," Shangazi alijibu, akiketi taratibu juu ya mumewe. "Nilidhani itabidi nirudie."