Paseli Iliyokataa Kuchanua

Wakesho alizaliwa juu kabisa Taita, karibu na kilele cha Vuria, ambako mwezi wa Julai ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi na kuku hulala kwenye jivu ili wapate joto. Alipoolewa na Reuben, mkulima wa Mboghoni, akashuka Taveta na sanduku lake la bati, na kitu kilichomshinda huko hakikuwa kazi wala wakwe. Kilikuwa joto. Hewa ya Mboghoni ilikuwa nzito, yenye unyevu wa mifereji na migomba, na nguo ilimganda mwilini tangu asubuhi.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Baada ya kumzaa Hudson, mtoto wao wa kwanza, Wakesho alipata kazi ya upishi nyumbani kwa meneja wa shamba moja la mkonge. Huko ndiko alikoijua paseli, jani la Kizungu la kutia harufu kwenye chakula. Mke wa meneja aliletewa mbegu kutoka kwao ng'ambo, akazipanda mbele ya nyumba palipo wazi, na kila mara jua liliibabua miche ikiwa ingali michanga. Msimu mmoja wa mawingu, michache ikapona. Yule mama akakata kitita, akakikatakata juu ya samaki wa moto, akamwambia mpishi wake aonje.

Wakesho alitia kijiko mdomoni. Dania aliijua, na jani hili lilifanana nayo kwa macho tu. Ladha yake ilikuwa ya ubaridi. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha, na nje ya dirisha hilo pana mlima uliotoka kunyeshewa. Ilibidi aweke sufuria chini na kujifanya moshi umemwingia machoni.

Familia ile ilipohama, yule mama alimwachia mbegu zilizobaki.

Reuben alimlimia tuta chini ya migomba, pembeni mwa mfereji, mahali jua lilipofika limekwisha kuchujwa na majani. Wakesho akaziloweka mbegu kwenye maji ya vuguvugu, akazipanda, akangoja. Sukuma wiki iliyopandwa siku ileile ikaota, ikakua, ikaanza kuliwa. Tuta la paseli likabaki udongo mtupu.

"Mama Hudson," Reuben akamtania, "naona umepanda hewa."

"Hewa yangu hiyo, usiikanyage."

Aliendelea kulinyunyizia maji hata alipokuwa hana imani tena. Ndipo asubuhi moja alipoinama akaona nyuzi za kijani, nyembamba kama za kushonea, zimeinua chembe za udongo vichwani. Alipiga magoti palepale kwenye tope. Hakujua aombe au acheke.

Mama mkwe wake, Zipporah, hakuvutiwa hata kidogo. "Haya si majani ya kulisha sungura?" aliuliza, akapita zake.

Siku ya kwanza ya kuchuma, Wakesho alipika ndizi mbichi na samaki wa Ziwa Jipe. Alikuwa amejifunza kwamba paseli ikichemka sana harufu yake hutoroka, kwa hiyo aliepua sufuria kwanza, akanyunyiza majani, akafunika. Zipporah alikula polepole, akaacha, akanusa.

"Mwanangu, humu umetia nini?"

"Yale majani ya sungura, mama."

Zipporah akasukuma sahani mbele. "Basi niongezee. Leo mimi ni sungura."

Paseli ikashamiri. Wakesho alikata mashina ya nje tu, na ya ndani yakakua kushika nafasi. Lakini kila mwaka alingoja maua, na kila mwaka hayakuja. Mbegu nazo zilikwisha. Halafu masika moja mfereji ukafurika, tuta likazama, na maji yalipopungua mashina yalikuwa yameoza shingoni, meusi na ya utelezi. Miche michache sana ilisimama.

Wakesho alikaa kando ya tuta akaitazama. Reuben akaja akachuchumaa karibu naye.

"Wewe ulipochoshwa na joto nilikupeleka kwenu ukapumzike," alisema. "Na hii ipeleke. Huenda nayo imechoka."

Alisema nusu kwa mzaha, lakini Wakesho aliichimbua na udongo wake, akaitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akapanda nayo basi mpaka Mwatate, kisha akapanda milima mkebe ukiwa kifuani. Mama yake, Mbeyu, akaipanda nyuma ya jiko bila kuuliza mengi.

Krismasi Wakesho alirudi na Reuben. Mbeyu aliwapokea mlangoni, na kabla ya chai akawashika mikono akawapeleka nyuma.

Paseli ilikuwa imemfika Wakesho kiunoni. Juu ya kila shina palikuwa na mwavuli, na ndani ya mwavuli miavuli midogo, mingine ingali na maua ya kijani kibichi, madogo kuliko punje ya mtama, mingine ikiwa imekauka na kujaa mbegu. Nyuki walikuwa wameifunika.

"Wakati wa baridi nilidhani imekufa," Mbeyu alisema. "Ilijikunyata chini. Jua liliporudi, ikaacha majani, ikaanza kupanda juu. Usiku na mchana inapanda tu."

Miaka yote ile kule chini mmea huu ulikuwa umekaa na maua yake tumboni, ukingoja baridi, na hakuna aliyejua. Alimgeukia mumewe. Reuben, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi ya mlimani tangu walipofika, alikuwa amevua kofia, ameishika mikononi kama mtu aliyeingia kanisani.

"Ingali ileile?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ileile."

Tangu hapo, kila masika yalipokwisha, miche ilipanda mlimani, na kila Krismasi mbegu zilishuka. Majirani wa Mbeyu walianza kuitia kwenye kimanga, chakula chao cha mihogo na maharagwe ya kupondwa, na Mboghoni wanawake walikuja kuomba kitita siku za harusi.

Hudson alipooa, miaka ya themanini, Mbeyu alishuka Taveta kwa mara ya kwanza maishani mwake. Zipporah, mzee tayari, alimwongoza polepole hadi chini ya migomba. Mbeyu alizungumza Kidawida, lugha ya Taita, na Zipporah Kitaveta, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza.

"Hapa haitoi ua," Zipporah akasema. "Hata moja."

"Na kwetu hainenepi hivi," Mbeyu akajibu, akiyapapasa majani mapana yaliyolowa. "Mungu ana mambo."

Wakachuma pamoja, kila mmoja akijaza upindo wa kanga yake. Wakesho aliwatazama kutoka mlango wa jiko, mwiko mkononi, akaacha maharusi na wageni wasubiri kidogo chakula chao.