Alifunga na kuomba asipelekwe Moa

Saa moja asubuhi. Maji yamekupwa hadi mbali, na Kristina Shekalaghe ameinama kwenye tope, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba iliyowambwa kati ya vigingi viwili. Kanga moja ameifunga kiunoni, nyingine kichwani. Miguuni amevaa soksi nene, kwa sababu miiba ya bahari ya Moa haimuulizi mtu dini yake.

"Mwalimu, leo mbona kimya? Umelala na njaa?" anamtania Bi Tausi, jirani yake, anayefunga mwani kamba ya pili.

Kristina anatabasamu, anaendelea kufunga. Wanawake wote hapa humwita Mwalimu, ingawa hafundishi shule. Ni mwinjilisti wa Kilutheri, ana miaka 47, na anaongoza kanisa dogo la bati ambalo waumini wake, hata siku ya Krismasi, hawajazi mabenchi matatu. Posho yake ni Sh70,000 kwa mwezi, nayo hufika inapofika. Mwani humwongezea ya chumvi na sabuni. Mumewe, Rafaeli, amebaki Pongwe kwenye kazi ya kuchoma chokaa. Huja kila mwisho wa mwezi kwa bodaboda, na unga kilo kadhaa na manung'uniko kidogo.

Mwandishi alifika Moa kutafuta habari njema: mama Mkristo anayeishi na majirani Waislamu kama ndugu wa tumbo moja. Habari hiyo ipo, tena ni ya kweli. Lakini siku ya pili ya mazungumzo, wakati akianika mwani uani, Kristina alitua kapu lake chini.

"Usinisifu kwanza," alisema. "Hujaniuliza nilifikaje hapa."

Miaka mitano iliyopita alikuwa Pongwe, amemaliza mafunzo, anasubiri kupangiwa kituo. Moyoni alikwisha kujipangia: Raskazone, kule mjini. Huko kuna upepo mzuri, kanisa lenye kinanda, na shule za karibu kwa binti yake, Blessing. Alikusudia kufungua darasa la chekechea, na mipango yake yote aliipa jina la utumishi.

"Nilikwenda hadi kwenye nyumba ya mwinjilisti nikapima madirisha," anasema, na hapo anajifunika uso kwa upindo wa kanga. "Nikashona mapazia. Barua ya kituo haijatoka, mimi mapazia tayari!"

Barua ilipotoka ilisema Moa. Mapazia yale leo yanafunika magunia ya mwani.

Huwezi kulikatalia kanisa waziwazi baada ya kusimama madhabahuni na kuahidi kwenda popote utakapotumwa. Basi Kristina akatumia mlango ambao watu wa ibada wanaujua vizuri. Akatangaza mfungo. Akawaambia akina mama wa Pongwe kwamba anaingia siku saba za kufunga na kuomba, ayatafute mapenzi ya Mungu kuhusu kituo chake. Wakamwekea mikono, wakamwimbia. Akazima simu, akajifungia ndani.

"Nani angenilaumu? Mtu yuko kwenye maombi!" anasema. "Lakini sikuwa nayatafuta mapenzi ya Mungu. Yalikwisha kuandikwa, yana mhuri. Nilikuwa nambembeleza ayabadilishe. Kila sala niliimalizia na 'mapenzi yako yatimizwe', na moyoni nilikuwa namwelekeza njia ya Raskazone."

Alfajiri ya Alhamisi ya wiki hiyohiyo, huku Moa, Bibi Bertha alifariki dunia.

Bertha alikuwa Mkristo mkongwe kuliko wote kijijini, mjane asiye na mtoto, aliyekuja pwani ujanani kukata mkonge. Majirani aliwasihi jambo moja tu: asizikwe bila neno la dini yake. Mchungaji Daniel, anayesimamia eneo lote hilo, alikuwa safarini bara. Alipopewa habari kwa simu alijibu kwamba mwinjilisti mpya amekwisha kupangwa, yuko Pongwe, wampigie yeye. Waumini wengine walikuwa vibarua wachache wa mashambani, na hakuna aliyethubutu kuongoza mazishi.

Mzee Mselem, aliyekuwa mkubwa wa mtaa, akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Waislamu wa Moa hawana desturi ya kuiweka maiti. Lakini huyu hakuwa wao, na alikuwa ameacha wasia, kwa hiyo wakakubaliana wamngoje mwalimu wa dini yake. Muuza samaki aitwaye Ayubu alitoa barafu yake yote ikatandazwa chini ya kitanda cha marehemu, na samaki wake wakamwozea. Wakangoja Alhamisi kutwa, wakakesha. Wakangoja tena Ijumaa mpaka alasiri, kwa joto hili la pwani.

Mwisho wanawake wakamwosha, wanaume wakachimba kaburi nyuma ya kanisa. Mzee Mselem hakujua maneno ya Kikristo, akasema yake.

"Sisi wanawake tulisimama pembeni, twamsikia," anakumbuka Bi Tausi. "Alisema, 'Mola wetu, huyu ni mja wako Bertha. Tumekaa naye kwa wema. Watu wake hawakufika. Mpokee.' Basi, akafukiwa."

Watu wake hawakufika. Kristina aliyasikia maneno hayo baadaye, na anasema hakuna zaburi aliyoishika kama alivyoyashika hayo.

Alifungua simu Jumapili. Haikumaliza hata kuwaka vizuri, ikaita.

"Alikuwa Mzee Mselem. Akaniuliza, 'Mwanangu, twakutafuta tangu Alhamisi, kwema?' Ningeweza kumwambia nilikuwa kwenye maombi. Hata hiyo ingekuwa nusu ya ukweli. Mdomo ukasema, 'Nilikuwa naumwa, mzee wangu, niko hoi kitandani.' Akasema, 'Maskini! Pole, mwanangu. Usitaabike, tumeshamsitiri.'"

Siku chache baadaye, basi likashusha Pongwe kifurushi kutoka Moa. Ndani mlikuwa na nazi na pweza mkavu, vya kumpa mgonjwa nguvu.

"Nilimpika yule pweza," anasema Kristina. "Nilimla huku nalia. Na nilimmaliza."

Wiki iliyofuata alifunga mizigo, akaja Moa bila neno. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yake imekwenda miaka mitano. Kila alipokutana na Mzee Mselem alimpa shikamoo, na mzee baada ya kuitikia marahaba hakukosa kuuliza, "Afya yako sasa, mwanangu?" Mzee huyo alifariki mwaka juzi.

"Alikwenda kaburini akiniombea afya," anasema Kristina. "Yeye siwezi tena kumwambia."

Kwa nini hakusema mapema? "Aibu. Walinipokea kama mtu aliyeinuka kitandani kwa ajili yao. Ukivishwa heshima isiyo yako, kuivua mbele za watu ni kazi. Kila siku nilisema kesho."

Na taratibu Moa ikamwingia. Akafundishwa mwani na Bi Tausi, akafundishwa kupika wali wa nazi usioshika moshi, akachekwa kwa Kiswahili chake chenye Kishambaa. Watoto wa Bi Tausi wamelala kwake mama yao alipolazwa mjini. Ndani ya miaka hiyo hakuna aliyemkumbusha kwamba yeye ni mgeni.

Mwezi uliopita Mchungaji Daniel alimpigia. Kristina amehamishwa. Anakwenda Raskazone.

Binadamu hupanga, Mungu hupangua, na safari hii amepangua kwa kumpa mtu kilekile alichokiomba, wakati hakitaki tena. Kristina anasema aliposikia jina la Raskazone alikaa chini kwenye mchanga kama aliyepewa habari ya msiba.

Wanawake wa kikundi cha mwani hawakukubali. Wakiongozwa na Bi Tausi, wamepanga kwenda mjini Jumamosi kumwona mchungaji wamwombee abaki. Hoja yao wameikariri: "Huyu alitoka kitandani, mgonjwa, akaja kwetu. Leo mwamwondoaje?"

"Niliposikia hivyo nilifurahi," anakiri Kristina. "Nikajiambia, labda ndiyo njia ya Mungu ya kunibakisha. Halafu nikajisikia ninavyosema. Ni maneno yaleyale ya Pongwe! Namfundisha tena Mungu kazi yake, na mara hii kwa mgongo wa uongo wangu mwenyewe. Nikaona haya mpaka nikashindwa kusali."

Akamtazama mwandishi. "Andika yote. Lakini Bi Tausi aisikie kwangu kabla ya gazeti."

Leo ni Ijumaa, na kumwambia Bi Tausi ndilo jambo lililomtoa mapema hivi. Kamba moja ikiwa imejaa, anainua kichwa.

"Bi Tausi. Siku zile za Bibi Bertha, mimi sikuwa naumwa."

Bi Tausi haachi kufunga. "Wasemaje?"

"Nilikuwa mzima kabisa. Nilizima simu, nikawa naomba nisiletwe kwenu."

Mikono ya Bi Tausi inasimama. Anamtazama Kristina kama anayetafuta mahali pa kumshika.

"Tulikungoja siku mbili," anasema.

"Najua."

"Hujui. Wewe wasimuliwa. Mimi ndiye n'liyekaa nampepea inzi, na kila gari likilia barabarani nawaambia wenzangu, huyo, mwalimu kaja."

Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, ndivyo isemwavyo. Bertha hakuwa na aibu yoyote ya kufichwa. Aliyeosha mwili wake ndiye sasa anaijua aibu ya huyu aliye hai, aliyepiga magoti kwenye maji ya chumvi akisema nisamehe, nisamehe dada yangu.

"Inuka, walowa bure," anasema Bi Tausi. Anaokota kapu lake, analitia kichwani na kuondoka. Hageuki nyuma.

Kabla ya adhuhuri Khadija, katibu wa kikundi, anapita uani kusema kwamba safari ya kesho ya mjini haipo tena. Kristina anamshukuru, anaingia ndani, anaendelea kukunja nguo.

Atakwenda Raskazone. Anasema hana ombi lingine kwa kanisa, na hajui atapewa kazi gani huko. Hilo, kwa mara ya kwanza, halimsumbui sana. Kinachomsumbua ni Jumapili, siku yake ya mwisho hapa. Amepanga kuwapeleka waumini wake nyuma ya kanisa, asimame kwenye kaburi la Bibi Bertha na kumsomea ibada yote ya mazishi, tangu mwanzo hadi baraka, kwa kuwa hakuwahi kusomewa. Baada ya hapo ataeleza kwa kinywa chake kwa nini imechelewa. Majirani wote amewaalika, nyumba kwa nyumba. Kwa Bi Tausi alibisha hodi, mlango haukufunguliwa.

"Asipokuja nitaisoma vilevile, kisha nipande gari," anasema. Anafuta macho kwa kiganja, halafu anamgeukia mwandishi. "Lakini natamani aje. Kutamani si dhambi, ama?"